Kondoo Juu ya Mimi

Somo: Ayubu 13:7–9

Leo nina jambo la kuungama. Kosa lenyewe nililitenda mbele ya watu wengi, tena kwa miaka mingi, kwa hiyo naona vema nilitengeneze mbele ya watu wengi.

Ni habari ya herufi moja ya Kichina. Usicheke. Sisi tunaokaa upande wa magharibi wa Nairobi, yaani Kilimani, Hurlingham, Lavington, mpaka kwetu Kawangware, hatuyaoni tena maandishi ya Kichina kuwa kitu kigeni. Yako juu ya milango ya mikahawa na madirisha ya maduka. Barabara ile ya juu itokayo Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilipokuwa ikijengwa tulipita kando ya mabango yenye maandishi hayo kila siku bila kujua yanasema nini. Mimi nilikuwa na herufi moja tu niliyojivunia kuijua, na hiyo moja niliijua vibaya.

Herufi yenyewe ni hii: 義. Wasomaji wa gazeti wataiona. Wewe unayenisikia redioni nitakuchorea kwa maneno. Juu kuna vijistari viwili kama pembe. Chini ya pembe kuna mistari mitatu ya kulala, nao umepigiliwa katikati mstari mmoja wa kusimama. Hiyo ni herufi ya kondoo. Chini ya kondoo kuna herufi nyingine yenye mistari mingi inayokatana, na siku hizi ikisimama peke yake maana yake ni "mimi". Zikibebana hivyo huwa herufi moja, husomwa yi, na katika Biblia ya Kichina ndiyo inayokaa mahali ambapo sisi husoma "haki", ile haki ya mtu mbele za Mungu.

Unaona jinsi hubiri linavyojiandika lenyewe? Kondoo yuko juu, mimi niko chini. Mungu akitazama kutoka mbinguni hanioni mimi mwenye dhambi, anamwona Mwanakondoo aliyenifunika! Habari hii niliisoma katika kijitabu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, nikainakili katika daftari, na tangu nipewe daraja ya ukasisi nimeihubiri mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Nimeihubiri katika darasa la kipaimara, katika mikutano ya akina mama, na mara moja hata kwenye mazishi. Nilikuwa nikiichora ubaoni kwa chaki, polepole, kondoo kwanza. Na kila mara watu walisema, "Aaa!" Mhubiri akishasikia watu wanasema "Aaa!", ni vigumu sana kumwambia arudi nyumbani akaulize maswali.

Sasa, katika kwaya yetu kuna binti mmoja. Kila siku hupanda matatu ya namba 46 kutoka Kawangware, hupitia Yaya na Hurlingham, hushuka mjini akatembea mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapo pana Taasisi ya Confucius iliyoanza kufundisha Kichina mwaka 2005, ikiwa ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Jumapili moja baada ya ibada alinisubiri mlangoni mpaka watu wote walipokwisha kunisalimu.

"Kasisi," akasema, "naomba kukuambia kitu, lakini usikasirike."

"Sikasiriki, mwanangu. Sema."

"Yule kondoo. Mwalimu wetu anasema si hivyo."

Nilikasirika. Sikuonyesha, lakini nilikasirika, nikamwambia aje ofisini siku ya kazi tuzungumze, kwa matumaini kwamba hatakuja. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kiburi, nayo haina haja ya maelezo. Ya pili ilikuwa mzee mmoja wa parokia yetu ambaye kwa ugonjwa wa sukari alikatwa mguu chini ya goti. Nilipomtembelea hospitalini nilimchorea herufi ile katika ukurasa mweupe wa mwanzo wa Biblia yake. Mkewe aliniambia baadaye kwamba usiku, maumivu yakizidi, mzee alikuwa akifungua ukurasa ule na kuweka kidole juu ya kondoo. Basi nilipokuwa nimesimama pale mlangoni pa kanisa, nilikiona kidole hicho.

Binti alikuja siku ya Jumanne, amebeba daftari. Alianza kwa kuniuliza swali la kitoto.

"Kasisi, mnyama yule wa baharini anayetembea upande upande anaitwaje?"

"Kaa."

"Na lile tunalowashia jiko?"

"Kaa la moto."

"Na mgeni akiingia nyumbani tunamwambiaje?"

"Kaa."

"Sasa tuseme Waswahili wa kale walikuwa wakiandika kwa picha. Kaa wa baharini anachorika. Lakini tendo la kukaa utalichoraje? Si watamchora yule yule wa baharini, na msomaji aelewe kwa sauti? Halafu baada ya miaka elfu tatu anatokea mhubiri huko China, anawafundisha watu wake kwamba Waswahili waliamini kukaa ni kutembea upande upande."

Nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikaona nimekwisha kushindwa.

Maana hivyo ndivyo ilivyotukia kwa "mimi". Maandishi ya Kichina ya zamani zaidi ambayo watu wanaweza kuyasoma yalichongwa juu ya mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe huko Anyang, katika jimbo la Henan, kiasi cha miaka 1200 kabla ya Kristo. Wafalme wa siku hizo walikuwa wakiuliza habari za mvua, mavuno na vita, na maswali yao yakachongwa kwenye mfupa. Mifupa hiyo ilikaa ardhini hata wanachuoni wakaitambua mwaka 1899. Ndani yake herufi tunayoisoma "mimi" ni picha ya silaha: mpini mrefu, na kichwani makali yenye meno kama msumeno. Neno la kusema "mimi" halichoriki. Utachora nini, uso wa nani? Lakini jina la silaha ile lilifanana kwa sauti na neno "mimi", basi wakaiazima picha, kama kaa wetu. Silaha yenyewe ikaacha kutumika, jina lake likasahauliwa, na picha ikabaki na kazi ya kuazimwa mpaka leo.

Na ilipowekwa chini ya kondoo, kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha sauti tu, ili msomaji ajue neno hili linatamkwaje. Kondoo hakumfunika mtu yeyote. Chini yake hapakuwa na mtu.

Je, kondoo mwenyewe yupo kweli? Yupo, sikumzua. Yuko pia katika herufi ya "zuri" na katika herufi ya "jema", maana kwa watu wale kondoo alikuwa mali, nyama na sadaka. Mwanachuoni Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake kubwa mwaka 100 baada ya Kristo, alieleza kwamba herufi yetu maana yake ya kwanza ni adabu na heshima inayoonekana kwa mtu, jinsi anavyosimama na kujichukua mbele ya watu. Wengine wa siku hizi wanaona pale silaha ya sherehe iliyopambwa kwa pembe za kondoo dume, ya kubebwa mbele ya mfalme. Kutoka heshima ya nje maana ikaingia ndani, ikawa tendo linalompasa mtu, wajibu, uadilifu, haki.

Tena kuna jambo lililonitia aibu nyingine ndogo. Neno yang, ambalo mimi nimekuwa nikiwafasiria watu "mwanakondoo", kwa Wachina ni kondoo na mbuzi pia. Wakitaka kutenganisha husema yang wa mlimani, ndiye mbuzi, na yang wa sufi, ndiye kondoo. Mwanakondoo ana herufi yake nyingine kabisa. Kwa hiyo, ninyi mnaoikumbuka Mathayo 25, kwa miaka hii yote huenda nimewafunika kwa mbuzi.

Katika kijitabu kile kile mlikuwa na herufi ya merikebu pia. Tuliambiwa ni chombo, na nane, na midomo, yaani watu wanane katika safina ya Nuhu. Mafundisho ya namna hii yalienea sana baada ya kitabu kilichochapwa Marekani mwaka 1979, cha C. H. Kang na Ethel Nelson, kilichotaka kuonyesha kwamba habari za Mwanzo zimefichwa ndani ya herufi za Kichina. Sidhani walitaka kumdanganya mtu. Walimpenda Mungu na walipenda herufi hizo. Nilimwuliza binti kuhusu merikebu kwa sauti ya mtu anayeshika ukingo asizame. Yeye akaandika herufi nyingine: upande mmoja madini, upande wa pili kile kile tulichokiita "midomo minane". "Hii ni risasi," akasema, "ile ya kuyeyusha. Je, Nuhu alikuwa na safina ya risasi?" Sehemu ile nayo ni ya sauti tu.

Nikamwuliza, "Lakini sauti hazifanani. Mimi ni wo, na hii ni yi. Umesema moja inaonyesha sauti ya nyingine."

Hapo macho yake yaling'aa, kwa maana nilikuwa nimeuliza swali la mwanafunzi. Leo hazifanani, kwa sababu miaka elfu tatu imezisaga kama maji yasagavyo mawe ya mto. Lakini zamani zote mbili zilianza na sauti ile ya ng', ya ng'ombe wetu, ambayo wageni wengi huivunja meno. Watu wa Guangzhou na Hong Kong, wakisema Kikantoni kwa utaratibu, mpaka sasa huita "mimi" ng'o. Wavietinamu waliichukua herufi yetu kutoka China zamani sana, na kwao huitamka ng'ia, wakiandika nghĩa. Wajapani husema gi, Wakorea ui. Huko Beijing ng' imekwisha kupotea, ikabaki yi. Nilipenda sana kusikia kwamba Mswahili anayejua kusema ng'ombe amebeba mdomoni funguo ya jambo hili, hali mimi niliyechora ubaoni miaka yote hiyo sikuwa nayo.

Na hiyo yi yenyewe haitoshi kuitamka tu. Kichina cha Beijing kina sauti nne. Ukiishika yi juu bila kuiyumbisha, ni moja, au daktari, au nguo, kila moja na herufi yake. Ukiipandisha kama mtu anayeuliza, ni mama mdogo. Ukiiteremsha kisha ukaiinua, ni kiti. Ya kwetu ni ya nne, inayoshuka kwa ghafula, kama vile unavyokanyaga chini kwa nguvu: yì! Kiswahili hakina mambo hayo, lakini ninyi mnaosema Kikuyu au Dholuo mnajua kwamba neno likipanda au likishuka huwa neno lingine.

Na kuna jambo la mwisho la umbo lake, kisha niachane na kondoo. Mpango wa serikali ya China wa kurahisisha maandishi, uliotolewa mwaka 1956, uliipunguza mistari ya herufi nyingi. Hii ilikuwa na mistari 13. Siku hizi huko bara China huandikwa kwa mistari mitatu: 义, mistari miwili inayokatana na nukta juu. Hong Kong na Taiwan bado wanaandika ile ya zamani. Lakini katika Biblia nyingi zinazochapwa China leo, pale palipo na haki, hakuna kondoo wala mimi. Waumini wanaosoma nukta na msalaba ule wamekosa nini? Nilijiuliza hilo usiku, na jibu likaja upesi: hawakukosa kitu.

Ndipo nikafungua Ayubu 13. Ninyi mnajua hali ya Ayubu: amepoteza watoto, mali na afya, na rafiki zake watatu wameketi wanamtetea Mungu. Hoja zao ni nzuri kusikia. Ayubu anawauliza kama wanadhani Mungu anahitaji kusemewa kwa maneno yasiyo kweli, na kama itawafaa siku atakapowachunguza. Sisi wa Nairobi tunajua habari za shahidi wa kupangwa, anayeingia mahakamani kuapa kwamba aliona asichokiona. Mara nyingine shahidi huyo anampangia mtu asiye na hatia yoyote, ambaye kesi yake ingeshinda bila yeye. Mimi nilimletea Bwana shahidi wa namna hiyo, na nilimleta kutoka China, nikijua kwamba Kawangware hakuna atakayemhoji.

Nilimweleza mke wangu kwamba nitasahihisha kosa hili mimbarini, na kwamba kwanza nitakwenda kwa mzee. Yeye aliacha kuchambua mchele akanitazama. "Mgonjwa umempa kitu cha kushika," akasema. "Sasa unakwenda kumnyang'anya?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilijua tu kwamba Jumapili watu watatoka kanisani wakiyasema, na habari zitamfikia mzee kitandani kabla sijamaliza kuvua kanzu. Ilikuwa afadhali azisikie kwangu.

Nilimwomba binti tufuatane. Tulimkuta mzee ameketi kitandani, Biblia juu ya meza ndogo. Pembeni, nyuma ya mlango, mguu wa bandia aliotengenezewa ulikuwa umeegemezwa ukutani, umevikwa kiatu na soksi, na vumbi juu ya kiatu. Mkewe alikuwa amenieleza kwamba hautaki. Anasema si mguu wake.

Nikamwambia yote. Nilimweleza silaha yenye meno, na kaa wa baharini, na mbuzi. Nikamwambia, "Mzee, nilichokuandikia humo ndani si kweli, na naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Neno lenyewe ni haki, au hilo nalo si kweli?"

"Neno ni haki, Baba," binti akajibu. "Hilo ni kweli kabisa."

"Basi nieleze hilo la kweli."

Na hapo, ndugu msikilizaji, mimi niliketi nikasikiliza kama wewe unavyosikiliza sasa.

Binti alimweleza kwamba neno hili Wachina walikuwa nalo karne nyingi kabla ya kusikia habari za Biblia. Mwalimu wao Mencius, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alililinganisha na chakula. Alisema anapenda samaki na anapenda wayo wa dubu, ambao kwao ni chakula cha fahari, na asipoweza kupata vyote viwili ataacha samaki. Vivyo hivyo anapenda uhai na anapenda yi, na asipoweza kuwa navyo vyote ataacha uhai. Mzee alitikisa kichwa polepole. Dubu hamjui, lakini alielewa.

Robert Morrison, aliyefika China mwaka 1807 na kuchapa Biblia nzima ya Kichina mwaka 1823, na wenzake waliomfuata mpaka tafsiri ya mwaka 1919 inayotumiwa na makanisa mengi, walilikuta neno hili nyumbani kwa wenyewe wakaliomba liwafanyie kazi. Wafasiri wetu nao walifanya hivyo hivyo. "Haki" ni neno tulilopokea kutoka Kiarabu, na barabarani hapa maana yake mara nyingi ni kile ninachodai: haki yangu, nipe haki yangu. Likaingia katika Biblia yetu likapewa mzigo mkubwa zaidi. Lakini sisi tunasema mtu "huhesabiwa" haki, kana kwamba kuna daftari la hesabu. Wachina wana maneno manne mafupi, yin xin cheng yi: kwa sababu ya imani, kuitwa yi. Kwao mtu huitwa, kama anavyoitwa jina.

Kisha binti akafungua kamusi katika simu yake, akaanza kusoma maana nyingine, na ndizo zilizonishangaza. Katika enzi ya Song alikuwako mwanachuoni aitwaye Hong Mai, aliyefariki mwaka 1202, ambaye alikusanya namna watu walivyolitumia neno hili. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya watu wote kiliitwa yi. Palikuwa na ghala la yi, la nafaka ya kijiji wakati wa njaa. Palikuwa na kisima cha yi na shule ya yi, isiyo na karo. Mzee akasema, "Hiyo ni harambee." Nikaona amepata tafsiri kuliko mimi.

Tena, akasema Hong Mai, kitu kilichoingia kutoka nje, kisicho cha asili, kikashika mahali pa kile cha asili, nacho huitwa yi. Baba asiyekuzaa lakini amekuchukua kuwa mwanawe ni yi-fu. Ndugu mlioapiana undugu bila kuwa wa tumbo moja, nao ni ndugu wa yi. Na neno limeendelea hivyo mpaka leo. Meno ya kubandika ni yi-chi. Binti akanyamaza kidogo, akatazama nyuma ya mlango, nikaona anajiuliza kama ataendelea.

"Na mguu kama ule, Baba," akasema kwa upole, "unaitwa yi-zhi. Ni neno hilo hilo. Yi, halafu zhi, ndiyo mkono au mguu."

"Herufi hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Nikuambie ukweli, ulimi wangu uliwasha. Warumi 8 ilikuwa ikinisukuma mbavuni, ile habari ya kufanywa wana, ya mtoto asiyezaliwa nyumbani anayejifunza kusema Baba. Nilikwisha kuona vichwa vitatu vya hubiri vimejipanga. Lakini nilikuwa nimetoka tu kuomba msamaha kwa kupanda juu ya herufi za watu kama mtu anayepanda ngazi, na mguu wa bandia wa Wachina haukupewa jina hilo kwa ajili ya Waraka kwa Warumi. Watu walihitaji jina la kitu kisicho cha kuzaliwa nacho, wakalipata. Basi nilifunga mdomo. Siku nyingine nitauliza zaidi, na nikiisha kuuliza huenda nikasema.

Mzee alinyosha mkono. Mkewe alidhani anataka Biblia, akampa, naye akaiweka kando. Alikuwa akiutaka mguu.

Ilichukua muda, kwa maana mikanda ilikuwa imekakamaa na soksi ya kisigino ilikuwa haijulikani ilipo. Tulimshika huku na huku akasimama. Jasho lilimtoka. Binti, ili kumsahaulisha, alimwambia anaweza kumfundisha kulitamka neno. Sauti yake inashuka, akasema, kama mtu anayekanyaga. Mzee ni Mluo, na kushuka kwa sauti hakukumpa taabu yoyote. Alikanyaga kwa mguu ule wa nyuma ya mlango, akasema, "Yì!" Akavuta ule mwingine, akasimama, akapumua, akakanyaga tena. "Yì!" Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua saba. Ya nne alitaka kuanguka, akamshika binti begani, akasema "Nyathina, ngoja kidogo," kisha akaendelea.

Alipofika mlangoni aliegemea fremu akatazama nje, watoto wakicheza mpira katika uchochoro. Bila kugeuka akamwambia mkewe atuletee chai, na yake iletwe pale pale alipo, kwa sababu kurudi bado.